VPN ya ofisi ndogo: anza na anwani, programu baadaye

Wanaoanza kazi ya kufunga VPN, yaani njia ya siri ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa mbali, huniuliza: niweke programu ya WireGuard au ya OpenVPN? Nami huwauliza: mtandao wa ofisi unatumia anwani gani?

Hilo nililijua kwa jasho. Ofisi ya kwanza niliyoifungia VPN ilikuwa kwenye 192.168.1.0/24 (yaani anwani 192.168.1.0 hadi 192.168.1.255), na sikuona sababu ya kuigusa. Majaribio yalipita vizuri, maana nilijaribia intaneti ya simu. Wafanyakazi walipofika nyumbani, VPN ikawaambia imeunganishwa, lakini faili hazifunguki. Ruta nyingi za nyumbani hutoka kiwandani na anwani hizo hizo, kwa hiyo kompyuta ikiambiwa iende 192.168.1.10 inaitafuta sebuleni, si ofisini. Siku mbili nililaumu ukuta wa moto (firewall) usio na kosa, kisha wikiendi nzima nikabadilisha anwani za seva, printa na kamera moja moja. Chagua mapema kipande cha anwani kisichozoeleka ndani ya 10.0.0.0/8 (zote zinazoanza na 10), tuseme 10.73.20.0/24, na kingine kwa ajili ya wanaoingia kwa VPN.

Sasa programu. WireGuard ni nyepesi, na imo ndani ya kerneli, yaani kiini, ya Linux tangu toleo la 5.6 la mwaka 2020. Lakini yenyewe haiulizi nenosiri wala msimbo wa simu: aliye na ufunguo wa siri uliohifadhiwa kwenye kifaa ndiye anayeingia, hata kama ni mwizi wa kompyuta. Kama ofisi inataka uthibitisho wa hatua mbili, OpenVPN itakuchosha zaidi kuipanga, ila itakufaa. PPTP, aina ya zamani ya VPN isiyo salama, iache, hata kama ruta ya zamani bado inaitoa.

Kila kifaa kiwe na ufunguo wake, na uweke daftari la nani ana upi. Ukigawa mmoja kwa wote, siku mtu mmoja akiacha kazi utalazimika kuwasumbua wote. Weka pia mipaka ya nani afike wapi: mhasibu afike kwenye seva ya hesabu tu, kamera hazimhusu.

Mwisho, funga milango ya zamani. Nimekuta ofisi ina VPN safi kabisa huku poti 3389 ya kuingilia kompyuta kwa mbali ikiwa wazi kwa dunia nzima, eti bosi ameizoea. Usibishane naye. Ifunge kwa nje, kisha badilisha anwani kwenye ile ikoni yake ya kila siku ielekee ndani ya VPN, na VPN iwake yenyewe kompyuta inapowaka.