Timu Ikifungwa, Kwa Nini Shabiki Asusie Chakula?

SWALI: Mume wangu ni mtu mzima mwenye busara, lakini Yanga ilipokosa Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023 mbele ya USM Alger ya Algeria, alisusia chakula na hakuzungumza na mtu hadi kesho yake. Hachezi, halipwi, na wachezaji hawamjui. Ni kitu gani kinachomfunga mtu namna hii?
Msomaji, Temeke

JIBU: Dada yetu, fainali ile ilikuwa na uchungu wa aina yake, kwa kuwa Yanga ilifungwa 2–1 nyumbani, ikashinda 1–0 Algiers, na bado kombe likaenda kwa wapinzani kwa kanuni ya mabao ya ugenini: jumla ikiwa sare, hushinda aliyefunga mengi zaidi ugenini.

Hata hivyo, mapenzi haya hayakuanzia hapo. Yanga iliundwa mwaka 1935 na Simba, watani wake wa jadi, mwaka 1936, na tangu hapo watu wengi wamerithi timu kutoka kwa baba au mjomba wakiwa wadogo mno kuweza kuchagua, hivyo anayeigusa timu huwa amegusa ukoo. Tena kipigo hakibaki siri ya mtu: kabla hajaamka, watani wa Msimbazi, yaani mashabiki wa Simba, wameshajipanga kazini na kinyozini kumsubiri. (Mjibu maswali haya hana timu kati ya hizo mbili, ingawa hakuna anayemwamini.)

Mwili nao hushiriki. Watafiti waliopima mate ya mashabiki waliotazama fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 1994 kwenye televisheni waliona kwamba homoni ya testosteroni ilipanda kwa mashabiki wa Brazili, walioshinda, na kushuka kwa wale wa Italia, ilhali hakuna hata mmoja wao aliyegusa mpira. Aidha, mabao ni adimu. Mtu aliyekaa roho juu kwa dakika tisini akisubiri bao moja hawezi kuupokea mwisho wake kwa utulivu.

Kwa hiyo kumwambia "ni mpira tu" hakutamtuliza. Jambo la kuangalia ni afya yake. Katika eneo la Munich, wakati wa Kombe la Dunia la mwaka 2006, dharura za moyo ziliongezeka zaidi ya maradufu siku ambazo Ujerumani ilicheza, hasa kwa watu waliokuwa tayari na maradhi ya moyo. Ikiwa mumeo ana tatizo la moyo au shinikizo la damu, ahakikishe amemeza dawa zake kabla ya mechi. Chakula kifunike tu, atakila.