Nilikimbia Miezi Minane, Nikaongezeka Kilo Mbili

Juzi usiku msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, hii ni wiki ya sita nakimbia kila asubuhi. Mizani haijasogea hata kidogo. Mume wangu ananicheka. Nimekosea wapi?"

Mdogo wangu, nilipofika kwenye "ananicheka" niliweka simu chini, nikaenda kuangalia kama mlango umefungwa, ingawa nilikuwa nimeufunga mwenyewe. Nilikujibu mistari miwili kwa sababu ilikuwa saa tano usiku na kesho yake kulikuwa na kazi. Haya sasa ndiyo majibu kamili, na samahani, ni marefu.

Nilihamia Dodoma mwaka 2017, serikali ilipokuwa inahamia, nikiwa miongoni mwa mizigo yake. Nilitoka Dar na kilo 78. Kule, upende usipende, utatembea: nyumbani hadi kituoni, kituoni kugombania mlango wa daladala, halafu unasimama Kimara hadi Posta mkono juu kama umekamatwa. Dodoma ya wakati ule bodaboda alikuwa ananisubiri getini, na jioni hapakuwa na pa kwenda (wenyeji mnisamehe, nasema ya wakati ule). Basi tukawa tunakula. Kuku wa kienyeji, kitimoto, chipsi zege za saa nne usiku. Jumamosi Msalato mnadani, na anayeujua mnada wa Msalato hahitaji kuelezwa: unanyoosha kidole kwenye paja la mbuzi linaloning'inia, unasema kilo mbili, unakaa kwenye benchi kusubiri, na wakati wa kusubiri unaagiza kitu cha kusubiria.

Kufikia mwaka 2021 nilikuwa na kilo 92. Urefu wangu ni sentimita 163. Wewe piga hesabu.

Lakini mizani sikuijali. Kilichoniumiza ni yadi.

Kulikuwa na send-off ya binti upande wa mume wangu. Kamati ikapanga sare ya kitenge, kila mwanamke yadi tatu. Nikaenda kwa fundi wangu pale Majengo. Alipofika kiunoni akamwita kijana wake aje amshikie ncha ya pili ya futi kamba. Hakusema kitu, na ingekuwa nafuu angesema. Mwishoni akaandika kwenye daftari lake: nyongeza yadi moja na nusu.

Wifi yangu ndiye aliyekuwa mtunza vitambaa. Nilimwomba pembeni, kwa ujumbe wa kawaida. Dakika tano baadaye nikamwona kwenye kundi la WhatsApp la kamati, watu zaidi ya sitini, mashemeji na wakwe humohumo: "Jamani kuna mwenye yadi iliyobaki? Kuna mwenzetu kitambaa kimemkataa." Na vile vikatuni vinavyocheka hadi machozi, vitatu. Hakutaja jina. Hakuhitaji kutaja.

Nilikwenda kwenye sherehe, nikacheza, nikala vizuri sana. Wifi, kama unapita hapa, nakusalimia.

Jumatatu yake nikanunua raba.

Nikajiunga na klabu ya jogging. Fulana za njano, filimbi, nyimbo za mchakamchaka, saa kumi na moja alfajiri tunaanzia nje ya Uwanja wa Jamhuri, tunazunguka kama kilomita sita. Wiki ya kwanza nilitembea nyuma na mama mmoja aliyekuwa na goti bovu. Mwezi wa tatu nilikuwa katikati ya kundi. Mwezi wa sita nilikuwa nashika bendera mbele. Kuna picha, na nilizirusha zote, hata ile ambayo macho yamefumba.

Sasa nikueleze kilichokuwa kinatokea tukimaliza. Kulikuwa na mama anatusubiri na sufuria la supu ya mbuzi. Mwenyekiti wetu ndiye alikuwa wa kwanza kukaa. Bakuli moja, chapati mbili, ndimu, pilipili, halafu soda baridi "ya kurudisha nguvu". Tulikuwa tunakula kwa haki kabisa, jasho bado linatiririka, tukisifiana. Chapati mbili za mjini zilizonyooshwa na mafuta zinakaribia kalori 500 au 600. Soda ya chupa ndogo ina sukari ya karibu vijiko tisa vya chai. Mimi, kwa kilo zangu zile, kilomita moja ya kukimbia ilikuwa inaunguza kalori kama 90. Kwa hiyo kilomita zote sita zilikuwa zinaishia kwenye chapati, na supu, soda na nyama vinabaki kama faida. Au hasara.

Miezi minane. Nikaenda kwa kijana mmoja wa mizani pale Nyerere Square, wale wa shilingi mia mbili. Nikapanda kwa kujiamini. Akaangalia, akaniambia kwa upole, "Mama, vua raba." Nikavua. Akaniomba nishuke, akaisogeza mizani mahali pengine palipo sawa, nikapanda tena.

94.

Alikataa kuchukua hela yangu. Hiyo nayo iliniuma.

Baada ya hapo niliingia jimu moja ambayo sitaitaja, nikalipa miezi mitatu mbele, nikauziwa na unga wa kukoroga. Mwalimu wake akaniambia shida yangu ni moja: sijajitoa. Mtu anayeamka saa kumi usiku kwenye baridi ya Julai ya Dodoma, upepo umebeba vumbi la mji mzima, eti hajajitoa! Hela haikurudi, unga nilimpa jirani.

Jibu nililipata jikoni, na nililipata kwa njia ya aibu, kwa hiyo sikiliza vizuri.

Nyumbani tuko wanne: mimi, mume wangu, mtoto, na binti anayenisaidia kazi. Tulikuwa tunanunua mafuta ya alizeti, yale ya dumu la lita tano yanayotoka Singida. Nikaanza kuona yanaisha haraka. Nikamshuku binti wa watu kwamba anawapimia majirani. Sikumwambia. Nilichukua kalamu ya wino mzito, nikaandika tarehe chini ya dumu, na kila usiku nachora mstari mafuta yalipofikia. Niliwinda kama polisi. Siku ya kumi na nne dumu likawa tupu, na kwa wiki zote mbili sikuwa nimeona tone likitoka nje ya geti. Hakuna aliyeiba. Tulikuwa tumeyala.

Nikakaa kwenye kigoda pale jikoni nikapiga hesabu nyuma ya risiti. Mililita 5,000, watu wanne, siku 14. Karibu mililita 90 kwa kila mtu kwa kila siku, sawa na vijiko sita vya mezani. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta kina kalori kama 120, yawe ya alizeti, ya mawese au ya dhahabu. Kalori 720 kila mmoja, kabla sijahesabu ugali, wali, wala nyama. Ili kuziondoa kwa miguu ningehitaji kukimbia kilomita nane kila siku, za mafuta peke yake, chapati za mwenyekiti bado hazijaguswa.

Na mimi nilikuwa nayamimina bila woga kwa sababu yameandikwa hayana lehemu, yaani kolesteroli. Ni kweli hayana. Lakini kitambi hakisomi karatasi ya dumu.

Binti yule nilimwomba radhi. Alishangaa, maana hakujua kosa langu. Alinisikiliza huku anaosha vyombo, akasema, "Mama, si ulisema mboga isikauke?"

Tulichobadilisha kilikuwa kidogo mno hata naona haya kukiita mpango. Mafuta tunapima kwa kijiko, hatumimini. Soda ikawa ya sherehe. Chai ya ofisini ya saa nne, ile ya chapati mbili na sambusa, nikabeba yai na tikiti kutoka nyumbani, wenzangu wa Mtumba, kule mji wa serikali, wakanicheka kama mumeo anavyokucheka. Usiku mlenda na ugali mdogo wa uwele. Mlenda mwenyewe alinifundisha bibi mmoja jirani yangu, Mgogo, ambaye alinitazama naupika mara ya kwanza akauliza, "Sasa mafuta ya nini humu?" Dumu sasa linakaa wiki saba. Ukipiga hesabu ileile, kila mtu kapungukiwa kalori kama 500 kwa siku. Na kilo moja ya mafuta ya mwilini inakadiriwa kuwa na kalori 7,700. Yaani kilo katika kila wiki mbili na ushee, kwenye karatasi.

Mwilini haiendi kama karatasi. Miezi miwili ya mwanzo nilipoteza kilo tano, nikawa najiona nabii. Miezi ya katikati sina cha kusimulia, ilikuwa mlenda na subira. Mwili ukishapungua, mahitaji yake nayo yanapungua, kwa hiyo mteremko unakuwa mlalo. Jumla ni kilo 19 kwa miezi kumi na minne. Leo nina 75. Kwa vitabu vya daktari bado nimezidi uzito, najua, lakini kitenge cha yadi tatu kinanitosha na kipande kinabaki. Kile kipande nimeshonea kitambaa cha kichwa. Nilikivaa kwenye kikao cha ukoo.

Kuna jambo nililisoma baadaye likanifanya niache kujilaumu. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, ambao wengine ni majirani zetu kabisa hapa Mkalama, Singida, walifanyiwa utafiti na mtafiti wa Marekani, Herman Pontzer, na wenzake, ukatoka mwaka 2012. Walinyweshwa maji maalumu yenye alama, kisha mkojo ukapimwa kujua mwili unatumia nguvu kiasi gani. Wanaume wanatembea kama kilomita 11 kwa siku wakiwinda, wanawake kama 6 wakichimba mizizi. Ungetegemea wanaunguza maradufu ya karani wa Marekani anayeshinda kwenye kiti. Ukizingatia ukubwa wa mwili, ilionekana nguvu wanazotumia kwa siku hazitofautiani na zake. Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili unabana matumizi: ukiutumikisha sana huku, unapunguza kule. Mimi na fulana yangu ya njano tulikuwa tunashindana na mhasibu mjanja kuliko sisi.

Kwa hiyo ukiniuliza chakula na mazoezi kipi kinapunguza uzito, nakujibu bila kumung'unya: chakula. Mazoezi peke yake, kwa mtu anayekula kama nilivyokuwa nakula, ni kuchota maji kwa pakacha.

Lakini usivue raba! Nasisitiza hapa kwa sababu nilifanya ujinga huo pia. Nilipoona mizani inashuka kwa chakula tu, niliacha kutembea miezi miwili. Uzito uliendelea kushuka kidogo, lakini nikawa mlegevu, ngazi za ofisini zinanitoa pumzi, usingizi ukaharibika, na jioni njaa ya hasira inanipanda hadi namfokea mtoto. Ukipungua kwa kujinyima tu, sehemu ya kilo zinazoondoka ni misuli, na misuli hujaichoka, unaihitaji. Huko Marekani kuna daftari la utafiti lililoanzishwa mwaka 1994 la watu waliopunguza kilo 13 na zaidi wakadumu nazo angalau mwaka mzima. Wengi wao wanafanya mazoezi karibu saa moja kila siku, na kinachopendwa zaidi ni kutembea tu. Jiko linashusha, miguu inashikilia. Ndivyo nilivyokuja kuelewa, na mwili wangu umenithibitishia mara mbili, mara moja kwa kunitia aibu.

Tena mazoezi yana kazi zake ambazo mizani haizioni: presha, sukari, moyo, akili kutulia. Shirika la Afya Duniani linasema angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani. Hiyo ni nusu saa kwa siku tano. Kutoka nyumbani kwangu hadi dukani na kurudi ni nusu saa, na nilikuwa napanda bodaboda. Na ninyi mnaopanda bodaboda kwenda kununua vocha, nawaona. Na ninyi mnaosema "mwili wangu ni wa ukoo", mimi pia ni wa ukoo huo, shangazi zangu wote mnawajua. Pimeni mafuta. Nimeshasema? Nasema tena, pimeni mafuta. Mwenye kisukari au presha na anameza dawa, aongee kwanza na daktari wake kabla ya kupunguza chochote, hili halina mzaha.

Klabuni bado nipo, Jumamosi na Jumapili. Tukimaliza nakaa nao kwenye supu, nakunywa mchuzi, chapati nasukuma kwa mwenyekiti. Anashukuru kila mara. Tumbo lake linamtangulia kwenye mstari wa mbele, naye ndiye anayepiga filimbi.

Basi mdogo wangu wa wiki ya sita, endelea kukimbia. Kesho asubuhi kabla hujatoka chukua kalamu, andika tarehe kwenye dumu lako. Usimwambie mtu. Likiisha niandikie limekaa siku ngapi na mko wangapi ndani, tupige hesabu pamoja. Na huyo mumeo anayecheka, mpime naye kiuno siku hiyohiyo, maana dumu ni moja.