Maswali ya Wasomaji: Ukuta wa mawe uliozibwa pumzi

SWALI: Ndugu mhariri, tumenunua nyumba ya mawe ya chokaa huku Cotswolds, Uingereza, ya karne ya 17. Kuta zina unene wa sentimita 55. Mwenyewe wa zamani alijaza viungo vya mawe kwa saruji. Sasa ndani lipu inabanduka na chumvi nyeupe inajitokeza. Nje mawe yanamomonyoka. Fundi anataka kutoboa ukuta aingize dawa ya kuzuia unyevu. Tukubali?

JIBU: Msikubali. Ukuta huo ni kuta mbili zilizoshikanishwa kwa mawe marefu, na katikati mna vifusi. Dawa itapotelea humo. Tena haukujengwa uzuie maji. Ulijengwa uyanywe kisha uyatoe, na njia yake ya kuyatoa ni chokaa ya kwenye viungo. Saruji imeiziba njia hiyo, hivyo maji yanatokea kwenye jiwe lenyewe, na chumvi na barafu vinalibandua uso.

Anzeni chini. Udongo wa nje ukiwa umepanda, ushusheni hadi milimita 150 au 200 chini ya sakafu, lakini msichimbe hadi chini ya msingi; misingi ya nyumba hizi huwa mifupi sana. Kagueni na mifereji ya paa.

Saruji itolewe kwa patasi nyembamba na nyundo. Grainda hukata kingo za mawe, na jeraha hilo halifutiki. Mahali saruji inapong'oka na jiwe, iacheni. Chimbeni kina mara mbili ya upana wa kiungo, kisipungue milimita 25, msafishe, mlowanishe. Changanyeni sehemu 1 ya chokaa ya NHL 2 (chokaa asilia inayoganda kwa maji, ya aina laini) na sehemu 2½ za mchanga mkali wenye chembe kubwa na ndogo, mjaze viungoni. Ikianza kukaza, igongeni kwa brashi ngumu, kisha mfunike kwa magunia mabichi siku kadhaa. Joto likishuka chini ya nyuzi 5, acheni kazi: barafu huivunja chokaa ambayo haijakomaa.

Kama nyumba imeorodheshwa kuwa ya kihistoria, muulizeni kwanza afisa wa hifadhi wa halmashauri. Kwa sheria ya mwaka 1990, kuibadilisha bila kibali ni kosa la jinai.

Ndani pigeni lipu ya chokaa, si ya jasi, wala msipake rangi ya plastiki. Ukuta mnene hivyo huweza kuchukua zaidi ya mwaka kukauka.