Efeso: kabla ya kujenga upya, mgeni aonyeshwe bandari

Mhariri, mmeuliza wiki hii kama magofu ya kale yajengwe upya au yaachwe yalivyoanguka. Mimi niliyefika Efeso, nchini Uturuki, pamoja na kundi la waumini wenzangu, naona ni heri tuulize kwanza mgeni anaonyeshwa nini.

Wageni wengi hukimbilia Maktaba ya Celsus. Uso wake wa marumaru, kazi ya karne ya 2, ulikuwa umeporomoka hadi wanaakiolojia wa Austria walipousimamisha tena katika miaka ya 1970. Unapendeza, sikatai, ila umati unaogombania kupiga picha pale hauachi nafasi hata ya kutazama.

Sisi tulikawia mahali pa michezo ya kuigiza, palipoweza kuchukua watu wapatao 25,000, ndipo panapotajwa katika Matendo ya Mitume sura ya 19. Mama mmoja wa kwaya yetu, mtu mzima mwenye miguu ya kuvimba, alikaa safu ya chini, akavua viatu, akatoa Biblia mkobani na kutusomea jinsi wafua fedha walivyohofia kwamba mahubiri ya Paulo yangeharibu biashara yao ya vihekalu vya Artemi, mungu wa kike wa mji, mpaka mji mzima ukapiga kelele kwa muda wa saa mbili kwamba Artemi wa Waefeso ni mkuu. Alipomaliza aliinua macho kwenye barabara pana inayonyooka kuelekea bandarini, akauliza bahari iko wapi, maana mbele yetu palikuwa na majani na mashamba tu. Kiongozi wa msafara akaeleza kwamba mto uliijaza bandari tope karne baada ya karne, bahari ikasogea kilomita kadhaa, na biashara ikaondoka nayo. “Kumbe Artemi hakuangushwa na Paulo peke yake,” mama akasema, na mchungaji wetu hakufurahi hata kidogo.

Kwa hiyo nilikusudia kuandika kwamba magofu yaachwe. Lakini hekalu lenyewe la Artemi, lililohesabiwa miongoni mwa maajabu saba ya dunia, leo lina nguzo moja tu iliyosimama, nayo imeunganishwa kwa vipande vilivyookotwa. Bila hiyo tungelipita tukidhani ni kinamasi. Basi na wajenge kidogo, kwa mawe ya palepale, na kibao kiseme wazi lipi limerudishwa na lini. Nguzo ya pili, hata hivyo, nisingeiunga mkono kabla mgeni hajaonyeshwa ilipokuwa bandari.