Glaida haielei, inashuka muda wote

Mwanangu, salama? Huku Uyole baridi ni ile ile, mama yako anakusalimia. Juzi kwenye simu uliniuliza ile ndege isiyo na injini niliyopandishwa nikiwa nasoma Poland ilikaaje hewani saa nne, na kama huku kwetu inawezekana, salio likakata, basi naandika.

Kwanza elewa, glaida haielei, inashuka muda wote. Ile yetu ilikuwa Bocian ya viti viwili, ukiwa juu kilomita 1 inakupeleka mbele kama 26 hivi halafu umefika chini, kwa hiyo kazi ya rubani ni kutafuta hewa inayopanda haraka kuliko yeye anavyoshuka. Ndege ya injini ilituvuta kwa kamba ikatuachia, tangu hapo ni kuwinda mawingu tu, yale meupe yenye kitako bapa cheusi, ukiingia chini yake kiti kinakusukuma, mshale wa variomita, kile kipimo cha kuonyesha unapanda au unashuka, unapanda, jamaa analaza bawa tunazunguka zunguka mpaka karibu na wingu, halafu mbio kwenda lingine. Nilitapika. Mfuko walikuwa wamenipa kabla ya kuruka, wanajua mambo yao.

Sasa ikafika mahali mbele hakuna wingu, tunashuka tu, jamaa kimya anachagua shamba la kutua, mara naona makorongo weupe wanazunguka bila kupiga bawa hata moja, nikapiga kelele, tukaenda walipo tukapanda nao! Hawa ndio wanaokuja huku miezi ya mvua, wanasafiri hivyo hivyo, na ndio maana wa kutoka Poland hawakatizi Mediterania, juu ya bahari hawapati hewa ya kuwabeba, wanazungukia Uturuki wanashukia Misri. Mimi nilidhani ndege wa angani anapita anapotaka.

Jioni jua lilipolegea hewa ikafa, tukatua malishoni kwa watu, bibi mwenye ng'ombe akatuletea mtindi tukisubiri trela la kubebea glaida.

Kwetu hewa ipo. Panda zile kona 57 za Chimala kwenda Matamba saa nane mchana uangalie tai, joto la bonde la Usangu chini yake linaupanda ule ukuta wa mlima na wao wanapanda nalo. Tatizo ni ukiikosa, maana chini kule Mbarali ni majaruba, na wenyewe wakikukuta umelaza bawa la karibu mita 18 juu ya mpunga wao sijui utaanzia wapi kujieleza.

Baba