Kuandika Historia ya Uchaguzi ya Jimbo la Mjini: Ushauri kwa Wanaoanza, kwa Mfano wa Vancouver-Point Grey

Mtu anayeanza kuandika historia ya uchaguzi ya jimbo fulani kwa kawaida huanza na orodha: mwaka, mshindi, chama na idadi ya kura. Orodha hiyo ni ya lazima, wala sitamkataza mtu kuiandaa. Hata hivyo, kila ninapoletewa rasimu ya kwanza huuliza kama mwandishi ameshajua jimbo lilikuwa na viti vingapi, mpiga kura alikabidhiwa karatasi ya namna gani, na ni nani aliyekuwa na haki ya kuipokea. Jina la jimbo laweza kudumu miaka tisini ilhali mambo hayo yote yamebadilika, na ndipo mwandishi mgeni huilinganisha miaka isiyolinganika.

Nitatumia mfano wa Vancouver-Point Grey, jimbo la uchaguzi wa bunge la mkoa wa British Columbia nchini Kanada, lililoko magharibi mwa jiji la Vancouver, ambako ndiko kilipo Chuo Kikuu cha British Columbia. Point Grey ilikuwa na halmashauri yake yenyewe tangu mwaka 1908 hadi ilipounganishwa na jiji la Vancouver mwaka 1929, na jimbo lenye jina hilo likaingia katika uchaguzi wa mkoa mwaka 1933. Nimelichagua kwa sababu limepitia karibu kila aina ya badiliko ambalo mwanafunzi wa chaguzi anapaswa kulitambua.

Badiliko kubwa kuliko yote ni la idadi ya viti. Jimbo hili lilianza kwa kuchagua wabunge watatu kwa pamoja, likabaki na wawili kuanzia uchaguzi wa mwaka 1966, na ni tangu mwaka 1991 tu ambapo linachagua mmoja. Katika jimbo la viti vitatu mpiga kura mmoja huwa na kura tatu, kwa hiyo jumla ya kura unayoiona chini ya jedwali si jumla ya watu waliofika kituoni. Chukua mfano wa kubuni: watu 30,000 wamejitokeza na kila mmoja ametumia kura zake zote, kura zinakuwa 90,000. Mgombea aliyepigiwa kura na watu 15,000 ameungwa mkono na nusu ya waliojitokeza, lakini ukigawanya kwa 90,000 utamwandikia asilimia 16.7 na kumfanya aonekane mgombea dhaifu. Kisha mtu huyohuyo akilinganishwa na mshindi wa asilimia 47 wa miaka ya karibuni, msomaji atadhani kwamba ushindani wa zamani ulikuwa mkali kupita kiasi. Pale usipoipata idadi ya waliojitokeza, andika kura bila asilimia. Nafasi iliyoachwa wazi katika jedwali haimpotoshi mtu.

Wasomaji wa Tanzania wana historia ya karibu ya kuwasaidia hapa, nayo ni ya kura tatu katika uchaguzi wa Tanganyika wa mwaka 1958 na 1959. Tofauti ni ya msingi, hata hivyo. Kule Tanganyika mpiga kura alilazimishwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, ambapo viti vya Point Grey havikugawanywa kwa rangi, na mpiga kura hakulazimika kuzimaliza kura zake. Wapo waliompigia mgombea mmoja tu wakaziacha nyingine, na ndiyo sababu huwezi kugawanya jumla ya kura kwa tatu ukadhani umepata idadi kamili ya watu.

Mwaka 1952 na 1953 karatasi yenyewe ilibadilika. Serikali ya muungano wa vyama vya Liberal na Conservative ilileta utaratibu wa kuwapanga wagombea kwa namba, chaguo la kwanza, la pili na kuendelea, na kura za mgombea aliye mkiani ziligawiwa wengine hadi apatikane mwenye zaidi ya nusu. Inaaminika na wengi kwamba lengo lilikuwa kuizuia CCF, chama cha kijamaa, kushinda kutokana na mgawanyiko wa wapinzani wake. Aliyenufaika akawa chama cha Social Credit cha W. A. C. Bennett, kilichopata viti 19 dhidi ya 18 vya CCF kikashika serikali. Katika majimbo ya viti vingi mpiga kura alipewa karatasi tofauti kwa kila kiti, yaani kila kiti kilikuwa na shindano lake.

Matokeo ya mwaka 1953 katika Point Grey hayaeleweki bila kulijua jambo hilo. Tilly Rolston, aliyekuwa mbunge wa jimbo hilo tangu mwaka 1941 na ambaye mwaka 1952 alifanywa waziri wa elimu, akawa mwanamke wa kwanza Kanada kushika wizara kamili, alipoteza kiti chake. Siku hiyohiyo, jimbo hilohilo, Robert Bonner wa chama chake hicho cha Social Credit alichaguliwa, pamoja na Arthur Laing, kiongozi wa Liberal. Anayesoma orodha ya washindi peke yake atatafuta sababu katika umaarufu wa Bi Rolston au katika sera zake za elimu, na huenda sababu hizo zipo, lakini kwanza aeleze kwamba wagombea hao hawakuwa wote kwenye karatasi moja. Kura za awamu ya kwanza na za awamu ya mwisho ziwekwe katika safu mbili. Nimeona majedwali yanayozichanganya, nayo hayafai kwa lolote.

Mwaka 1986 unatoa funzo la aina nyingine. Jimbo la viti viwili liliwapeleka bungeni Kim Campbell wa Social Credit, ambaye mwaka 1993 alikuja kuwa waziri mkuu wa Kanada, na Darlene Marzari wa NDP, chama kilichorithi nafasi ya CCF. Basi mwaka ule jimbo lilikuwa la chama gani? Swali hilo halina jibu, na usilitungie. Ramani za rangi moja kwa kila jimbo zinapendeza macho, ila kwa majimbo ya namna hii zinasema uongo. Campbell alipojiuzulu mwaka 1988 kuingia siasa za kitaifa, uchaguzi mdogo wa mwaka 1989 ulimpa Tom Perry wa NDP kiti hicho, na kwa muda mfupi wabunge wote wawili wakawa wa chama kimoja.

Safu ya chama nayo isomwe pamoja na safu ya majina. Pat McGeer, mtafiti wa ubongo katika chuo kikuu, aliingia kwa uchaguzi mdogo wa mwaka 1962 kwa tiketi ya Liberal, na Garde Gardom akafuata mwaka 1966 kwa tiketi hiyohiyo. Mwaka 1975 wote wawili walihamia Social Credit na wakachaguliwa tena. Jedwali litaonyesha jimbo likihama kutoka Liberal, kumbe wapiga kura waliwarudisha watu walewale. Tanzania mbunge akihama chama hupoteza ubunge, hata zile nyakati za kuhama ili “kuunga mkono juhudi”. Kanada hubaki na kiti chake, kwa hiyo uhamaji hauachi alama ya uchaguzi mdogo ambayo ingekuzindua. Tena majina ya vyama yenyewe yana mitego: Liberal ya Gordon Campbell, mbunge wa jimbo hili kuanzia 1996 na waziri mkuu wa mkoa kuanzia 2001, haikuwa tawi la Liberal ya kitaifa, bali ilikuwa kambi iliyowakusanya wengi waliokuwa Social Credit. Mwaka 2023 ikajiita BC United, na mwaka uliofuata ikasitisha kampeni kabla ya siku ya kura.

Kuhusu haki ya kupiga kura nitasema kwa ufupi, ingawa uzito wake ni mkubwa. Wanawake wa British Columbia walipata haki hiyo mwaka 1917, Wakanada wenye asili ya China na India mwaka 1947, na wenye asili ya Japani pamoja na wenyeji wa asili mwaka 1949. Sentensi kama “wakazi wa Point Grey waliamua” kwa uchaguzi wa mwaka 1937 si sahihi. Andika “waliokuwa na haki ya kupiga kura”.

Mipaka ndiyo kazi ya kuchosha, na wengi huikwepa. Mwaka 1989 jaji Beverley McLachlin aliamua kwamba tofauti za idadi ya watu kati ya majimbo ya mkoa zilikiuka haki ya kura. Uchaguzi wa mwaka 1991 ukafanyika katika majimbo 75 yenye kiti kimoja kimoja, na idadi imeendelea kupanda hadi 93 mwaka 2024. Katika jimbo la mjini mpaka ukisogea mitaa michache tu, wapangaji wa mtaa wa Kitsilano au wanafunzi wa chuo huongezeka ama hupungua, na hapo chama kinaweza kupanda bila mtu yeyote kubadili msimamo. Weka mstari mzito katika jedwali kila ramani mpya inapoanza kutumika.

Mwisho, chaguzi ndogo zisichanganywe na chaguzi kuu. Tarehe 11 Mei 2011 Christy Clark wa Liberal, waziri mkuu mpya wa mkoa aliyekuwa hana kiti, alimshinda David Eby wa NDP kwa kura 7,757 dhidi ya 7,193. Katika uchaguzi mkuu wa Mei 2013 alipata kura 10,436 akashindwa, kwa kuwa Eby alipata 11,499. Chama cha Clark kilishinda mkoa mzima usiku huohuo, naye akaenda kutafuta kiti katika jimbo la Westside-Kelowna, ambako alishinda katika uchaguzi mdogo. Clark aliyeshindwa alikuwa na kura nyingi kuliko Clark aliyeshinda, na anayeandika kwamba jimbo “lilimkataa” ana wajibu wa kuziweka namba hizo nne mbele ya msomaji. Eby ameendelea kuwa mbunge hapo, na tangu Novemba 2022 ndiye waziri mkuu wa mkoa.

Namba unazozinakili ziwe za hesabu ya mwisho iliyotolewa na Elections BC, tume ya uchaguzi ya mkoa, kamwe zisiwe za usiku wa uchaguzi, kwa maana baadhi ya kura huhesabiwa baadaye. Mwaka 2024 wingi wa serikali ya Eby, viti 47 kati ya 93, ulitegemea jimbo la Surrey-Guildford, ambako baada ya kura kuhesabiwa upya mbele ya jaji tofauti ilikuwa kura 22. Chini ya kila jedwali andika hesabu uliyotumia ni ipi na ya tarehe gani.