Wizani si mizani

SWALI: Katika uchambuzi wa shairi niliandika kwamba "mizani ni mapigo ya shairi". Msahihishaji amelikata neno hilo na kuandika pembeni "wizani". Nakutana pia na ridhimu, mdundo na mahadhi. Yanatofautianaje, na nje ya ushairi nitumie lipi?

JIBU: Msahihishaji yuko sahihi. Mizani na wizani yametoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kupima uzito, ndiyo maana watu huyachanganya. Mizani ni hesabu ya silabi. Wizani ni mapigo yanayosikika silabi hizo zinapotamkwa, yaani zenye mkazo na zisizo na mkazo zinavyopokezana.

Chukua vipande hivi viwili: "Njoo hapa, keti chini" na "Tutakapokutanika". Kila kimoja kina mizani 8. Sasa visome kwa sauti huku ukipiga kofi penye mkazo, ambao kwa kawaida hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Cha kwanza kina makofi manne: njo, ha, ke, chi. Cha pili kina kofi moja tu kubwa, kwenye "ni", baada ya silabi sita kupita mbio. Mizani ni ileile, wizani ni mwingine kabisa. Ndiyo maana shairi la mizani 16 kwa mshororo, 8 kwa 8, laweza kutimia kihesabu na bado likakwama mdomoni.

Angalia pia neno "barabara". Likiwa njia ya magari, mkazo uko kwenye "ba" ya pili. Likiwa na maana ya sawasawa, unarudi kwenye "ra" ya kwanza. Mizani 4 zote mbili, kofi limehama.

Wengi hukosea kuhesabu kwa sababu ya m. "Mdundo" ni silabi tatu, m-du-ndo, ilhali "mwendo" ni mbili, mwe-ndo. Kwa hiyo "mdundo ukinipiga" ni mizani 8. Ukiandika "mdundo unaponipiga" umezidisha moja.

Ridhimu ni wizani kwa jina lililokopwa kutoka Kiingereza. Halina kosa, ila usiyachanganye yote mawili katika insha moja. Mahadhi ni tuni, kupanda na kushuka kwa sauti ya wimbo: nyimbo mbili zaweza kuwa na mapigo yaleyale na mahadhi tofauti.

Nje ya ushairi, wizani husikika kama neno lililopotea njia. Ngoma ina mdundo, moyo una mapigo, watembeao pamoja wanakwenda kwa mwendo mmoja. Anayesema "wizani wa moyo" ataeleweka, lakini daktari atauliza mapigo.

Kisarufi: wizani huu, wa shairi, unabadilika. Usiutafutie wingi.